Miaka yangu kwenye lori la mkaa, barabara ya Kilwa

Kila nikisikia mjadala wa mkaa redioni anaongea afisa, anaongea mtaalamu, halafu wanapokea simu za akina mama wawili watatu wanalalamika bei, basi kipindi kimeisha. Mtu wa lori haulizwi. Na mtu wa lori ndo anajua kwa mwili wake kitu ambacho hao wengine wanakisoma kwenye makaratasi, kwamba mkaa unahama. Haukai sehemu moja. Unaufuata leo hapa, baada ya miaka miwili mitatu unaambiwa umesogea mbele, unaufuata huko, umesogea tena, na hakuna siku umewahi kurudi nyuma kuja kukutana na wewe njiani.

Mi nilianza utingo mwaka 1998, barabara zote zikiwa zimechakaa kwa mvua za El Niño, gari ya tajiri mmoja wa Mbagala, Isuzu ya zamani ambayo milango ilikuwa inafungwa kwa kamba. Kazi yetu ilikuwa Kisarawe na Mkuranga. Tunatoka saa kumi alfajiri, saa tatu asubuhi tunapakia, jioni tupo Tandale au Manzese tunashusha, usiku nalala kwangu. Mkuranga mjini ni kama kilomita hamsini tu kutoka Dar, na mkaa wakati huo ulikuwa hata hauhitaji kufika Mkuranga mjini, unaingia porini kidogo tu kutoka barabarani unayakuta magunia yamepangwa chini ya mkorosho yanakusubiri. Upande wa Pugu na Kazimzumbwi nako moshi ulikuwa unaonekana kabisa kutoka barabarani, msitu ule ule ambao sasa umepandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya mazingira asilia na watu wanalipa kiingilio kwenda kupiga picha. Sisi tulikuwa tunauona kama stoo ya mjini, yaani ukimwambia mtu yeyote wa lori kipindi kile kwamba mkaa wa Kisarawe utaisha angekucheka.

Kuvuka mto Rufiji hakuna aliyekuwa anafikiria. Pale Ndundu kulikuwa na kivuko, na kivuko kikiharibika au maji yakijaa unaweza kukaa siku mbili ng'ambo na mzigo, sasa mkaa ni mzigo wa bei ndogo, ukichelewa siku mbili faida yote umeila kwa mihogo na samaki wa kukaanga. Mto ule ndo ulikuwa askari wa misitu wa Kilwa na Lindi, na alikuwa hachukui kitu kidogo.

Mwaka 2003 likafunguliwa daraja la Mkapa. Karibu kilomita nzima ya daraja, na sijui kama kuna mtu wa kusini ambaye hakufurahi, mimi mwenyewe nilifurahi na sioni sababu ya kujifanya leo kwamba sikufurahi. Wagonjwa walikuwa wanafia kivukoni. Korosho zilikuwa zinachelewa. Ila daraja halichagui nani apite, na waliopita wa kwanza kwa fujo walikuwa watu wa magogo. Mninga, mkongo, mpingo, mvule, usiku kucha malori yanashuka na magogo, mengine hata kuyafunika hawakuyafunika. Miaka ile ya 2003, 2004, hali ilikuwa mbaya mpaka serikali ikasimamisha uvunaji na usafirishaji wa magogo.

Sasa hapa ndo kuna somo la kwanza ambalo nililipata bila kufundishwa. Msitu hauliwi wote kwa mpigo, unaliwa kwa zamu. Kwanza inakuja mbao ya bei, hiyo inafuatwa hata kilomita mia mbili mia tatu kwa sababu gogo moja linalipa safari. Watu wa mbao wakishafungua njia za kupitisha gari ndani ya pori, sisi wa mkaa tunaingia kwa njia hizohizo, hatuna haja ya kufyeka mpya, na tunachukua miti waliyoiacha, mitondoro, miyombo na mingine ambayo fundi seremala haitaki lakini inatoa mkaa mzito. Tukimaliza sisi anakuja mkulima na moto wake, visiki vinaungua, anapanda ufuta. Na akishapanda ufuta ndo basi tena. Wazee wa kule walinionesha kwamba mtondoro ukiukata ukauacha unachipua wenyewe kwenye kisiki, machipukizi matano sita, ukipewa miaka ishirini na kitu bila kuguswa pori linarudi. Kwa hiyo shoka peke yake haiui msitu. Inayoua ni shoka, halafu moto, halafu jembe, halafu ng'ombe, mfululizo bila kupumzika.

Ng'ombe nao wana historia yake, manake wafugaji wengi nilioanza kuwaona Rufiji na Kilwa walikuja baada ya kuondolewa bonde la Usangu, kule Mbeya, miaka ya 2006 na 2007. Walitolewa kule kuokoa ardhioevu ya Ihefu na mto Ruaha ambao tangu miaka ya tisini ulikuwa unakauka kiangazi, na mto huo ndo unalisha bwawa la umeme la Mtera. Yaani tatizo la maji na umeme la kule likasombwa kwenye malori likashushwa huku kwenye misitu yetu. Sikuwahi kusikia mtu redioni akiunganisha hayo mawili.

Basi na sisi tukasogea kusini. Kwanza Ikwiriri, kabla ya kuvuka mto, kama kilomita mia na sitini hivi kutoka Dar. Halafu tukavuka mto, Muhoro, halafu Somanga, halafu Njia Nne, mwisho tukawa tunafika Nangurukuru karibu kilomita mia tatu na kuingia ndani njia ya Liwale. Kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilikuwa hakina lami miaka mingi, masika yakianza mnalala kwenye tope mmejipanga malori, mabasi, gari za maiti, wote sawa. Nimewahi kula Idi kwenye tope. Dereva wangu wa wakati huo, mzee mmoja wa Kindengereko, alikuwa na mazoea ya kuangalia mita ya kilomita kila tukimaliza kupakia, anagonga kioo na kidole anasema "dogo, mkaa umekimbia tena". Mimi nilikuwa nadhani ni utani wake tu wa kupitisha muda.

Miaka mingi baadae mwanangu aliyekuwa chuo akaniambia kuna watafiti walilipima hilo jambo la mzee. Walipima misitu kuzunguka Dar mwaka 1991 na tena 2005, wakakuta uchomaji mkaa uliokuwa unaishia kama kilomita 20 kutoka mjini umesogea mpaka kama kilomita 50, na uvunaji wa mbao za bei umekimbia mbali zaidi ya hapo, wakauelezea kama mawimbi yanayotoka mjini. Nikamwambia mwanangu mbona sisi 2005 tulikuwa tumeshavuka Rufiji. Akasema wao walipima ukingo wa pale ambapo mkaa ndo kazi kubwa ya pori, nyie wa malori mlikuwa mmeshatangulia mbele ya wimbi. Sawa, nikakubali. Lakini mzee yule alilijua kwa kugonga kioo.

Na wimbi lenyewe analisukuma nani? Hapa watu wanapenda kumnyooshea kidole mchoma mkaa. Ripoti moja ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilisema Tanzania ilikuwa inatumia kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake inaishia Dar es Salaam. Nusu! Mji mmoja. Mchoma mkaa wa Njia Nne yeye mwenyewe nyumbani kwake anapikia kuni, mkaa hautumii, ni ghali kwake. Nimekaa nao, nimekula nao, sijawahi kuona jiko la mkaa kwenye kambi ya wachoma mkaa.

Acha nieleze tanuru, manake wengi mnaotumia mkaa hamjawahi kuliona. Jamaa anakata miti, anaigawa magogo ya kama urefu wa mtu, anayapanga kwa kulaza, makubwa katikati, madogo pembeni na kwenye mianya, mpaka linakuwa kama kaburi la tembo. Halafu anavisha nyasi mbichi na majani, halafu anafukia udongo juu yote, anaacha mdomo upande upepo unakotokea, anawasha pale mdomoni kisha anauziba. Kuanzia hapo halali. Moshi wa kwanza ni mweupe mzito, huo ni maji ya mti yanatoka, unakaa siku kadhaa, ukianza kuwa mwembamba na rangi ya samawati ujue sehemu hiyo imeiva. Udongo ukibonyea na kutoboka hewa inaingia, na hewa ikiingia unabaki na jivu, kwa hiyo usiku kucha mtu anazunguka na jembe na ndoo, anapanda juu ya moto uliofukiwa, anasikiliza kwa miguu. Nilikuwepo usiku mmoja tanuru la jamaa lilipotoboka. Mkewe ndo aliliona kwanza, akapiga kelele, wakakimbia wote wawili na udongo, jamaa mguu mmoja ukazama mpaka gotini, akautoa, akaendelea kufukia kabla hata hajauangalia. Asubuhi ngozi ilikuwa imetoka kama soksi. Alifunga na kitambaa, akaniuliza kama gari letu lina nafasi ya magunia kumi zaidi safari ijayo kwa sababu atahitaji hela ya dawa.

Na pamoja na shida yote hiyo tanuru la udongo linapoteza sana. Wataalamu wanasema kwa matanuru haya ya kienyeji ukiweka tani kumi za mti unatoka na tani moja, ukiwa fundi na miti imekauka vizuri unaweza kufika mbili. Iliyobaki yote imeenda na moshi. Miti ingeachwa ikauke wiki kadhaa kabla ya kuchomwa mkaa ungeongezeka, kila mchomaji anajua hilo, lakini mchomaji ana deni. Tajiri amemletea unga, sukari, magunia, na shoka, vyote kwa hesabu, na bei ya gunia wameshapatana kabla mti haujakatwa. Mwenye deni hasubiri mti ukauke.

Hela inavyogawanyika ndo ilinifungua macho zaidi ya kitu kingine. Mwaka 2003 gunia Dar lilikuwa kwenye shilingi 5,000 hivi, mwaka 2007 limefika 20,000, na leo ukiulizia mtaani unatajiwa hata 80,000 na zaidi kutegemea msimu na mvua. Sasa ungedhani mchomaji naye amepanda mara hizo zote. Thubutu. Kilichopanda zaidi ni dizeli, tairi, mageti, na umbali. Mkaa uleule, mti uleule, ila sasa kuna kilomita mia tatu ndani ya gunia. Na mti wenyewe, kwenye hesabu yote hiyo, mara nyingi bei yake ni sifuri. Mchomaji hakuununua, aliukuta umesimama. Ushuru na vibali wanaolipa ni wachache, na wengine, sitasema wapi, wanalipa kwa mtu bila risiti, na hela isiyo na risiti haijawahi kupanda mche hata mmoja. Kitu ambacho hakina bei kwenye shina kitakatwa mpaka kiishe, hata wakatao wawe watu wema kiasi gani.

Marufuku nimeziona nyingi. Ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Januari 2006, manake ilikuja wakati mbaya sijui kama aliyeitoa alitazama dirishani. Ukame ulikuwa umetupiga, Mtera imeshuka, mgao wa umeme ndo umeanza kukaza, watu wenye majiko ya umeme na pasi za umeme wote wanatafuta mkaa, na hapohapo serikali inasema kuchoma mkaa basi. Bei ikaruka, mkaa ukawa unauzwa kama bangi, unaletewa usiku kwenye mfuko wa sandarusi. Haikudumu hata mwezi, wakaiondoa. Sisi wa malori tulipata hela kipindi kile kuliko miaka miwili iliyotangulia. Marufuku bila jiko lingine inapandisha bei tu, na bei ikipanda msitu unazidi kukatwa, si kinyume.

Halafu kuna mwaka 2011 ambao hauzungumzwi kabisa kwenye habari za misitu. Kulikuwa na uchakachuaji, mafuta ya taa yanachanganywa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo, serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yalingane na dizeli. Kwa upande wa magari ilikuwa sawa kabisa, pampu za injini zilikuwa zinakufa hovyo, hata sisi ilitupata. Lakini watu wengi wa vyumba vya kupanga walikuwa wanapikia jiko la mchina la mafuta ya taa, chai na ugali wa haraka. Wote wale wakarudi kwenye mkaa, na huo sijauita utafiti, nimeuona kwenye vituo vyetu vya kushushia, wanunuzi wa kopo na wa fungu waliongezeka ghafla, vijana wa peke yao ambao zamani hawakuwa wateja wetu. Mtu wa wizara moja alifunga tundu lake, tundu likafunguka msituni.

Na kuna hili la gesi ambalo mpaka leo nikilifikiria nacheka vibaya. Tangu mwaka 2004 bomba la gesi ya Songo Songo linatoka baharini pale Somanga na kwenda Dar kuzalisha umeme, na mwaka 2015 likaongezeka lingine kubwa la kutoka Mtwara. Sasa fikiria, sisi tuko juu na lori limejaa mkaa kutoka Kilwa kwenda Dar, na pembeni yetu, chini ya ardhi, gesi ya Kilwa nayo inakwenda Dar, njia moja, wateja walewale. Wakati huo vijiji vinavyopitiwa na bomba vinapikia kuni. Gesi ya mtungi tunayouziwa madukani haitoki Songo Songo, inakuja na meli kutoka nje. Sisemi ni rahisi kupeleka gesi asilia kwenye nyumba ya tope Somanga, najua ina gharama zake. Nasema tu kwamba kama ungekuwa unaendesha gari hiyo barabara wiki baada ya wiki na wewe ungecheka.

Madhara watu wanadhani ni jangwa, wanategemea waone mchanga na ngamia. Si hivyo. Unapita porini bado ni kijani, ukiwa kwenye basi unaweza kusema mbona miti ipo. Ni miti membamba, vichaka, upupu, mianzi. Kilichoondoka ni vitu vya katikati. Mizinga ya nyuki inakosa mti wa kutundikwa. Nguzo ya nyumba inafuatwa nusu siku. Uyoga wa masika ambao ulikuwa unaota chini ya miyombo, watoto wanauza barabarani kwenye visahani, umepungua mpaka haupo kwenye baadhi ya maeneo tuliyopita. Kuna kijiji karibu na Muhoro tulikuwa tunachota maji ya rejeta kwenye kijito mwaka mzima, miaka ya mwisho Septemba unakuta mchanga na watoto wamechimba vishimo. Siwezi kukuapia kwamba ni mkaa peke yake, mvua nazo zina mambo yake na watu wameongezeka, lakini wenyeji wenyewe walikuwa hawana shaka. Kuna bibi pale alikuwa anatuuzia chapati, nikamwamkia siku moja, shikamoo bibi, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, bila hasira, "Mwanangu, hivi huko Dar hamna miti?" Nikamwambia ipo bibi, ila ya watu. Akasema "kumbe na huku ni ya watu".

Lile neno nimelielewa vizuri zaidi nilipofika vijiji vilivyoamua kuyachukua hayo maneno kisheria. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake, kuuwekea mipango, kuuza miti yake na kuweka hela mfukoni mwa kijiji. Kilwa kuna vijiji kama Kikole na Nanjirinji vilifanya hivyo, Kikole ikapata mpaka cheti cha kimataifa cha uvunaji mwaka 2009, na hela za mbao zimejenga vitu ambavyo unaviona kwa macho, madarasa, visima. Kule mambo yalikuwa tofauti kabisa na ninakokujua. Huwezi kuingia na lori usiku ukapakia, kuna vijana wa doria wa kijiji, wanakujua gari lako na namba, na wanaoripoti si walinzi tu, ni mama anayeenda shamba, ni mtoto wa shule, kwa sababu kila mtu anajua dawati analokalia limetoka kwenye mti gani. Kilosa nako walijaribu kwenye mkaa wenyewe, kijiji kinagawa msitu viploti, unachomwa kiploti hiki, cha jirani kinaachwa, na ulichokata hurudi mpaka baada ya miaka 24. Tuliokuwa kwenye biashara tulikuwa tunawachukia watu wa namna hii, bei yao haishuki na hawakopeshwi unga. Sasa naona ndo pekee waliokuwa na akili ya kibiashara. Sisi wote wengine tulikuwa tunauza mtaji.

Mimi niliacha mwaka 2017. Nisijipambe, sikuacha kwa kuhurumia miti. Kipindi kile Kibiti, Rufiji na Mkuranga kulikuwa na mauaji, watu wasiojulikana, viongozi wa vijiji wanapigwa risasi, askari wanavamiwa, pikipiki zikazuiwa kutembea usiku, na kazi ya mkaa ni kazi ya usiku na ya porini. Mke wangu akasema chagua. Nikachukua gari ya korosho na ufuta. Na ndiyo, ufuta huohuo unaopandwa kwenye visiki, najua.

Ila jikoni kwangu mkaa haujaondoka wote. Tuna mtungi wa kilo 15, chai, mayai, mboga za majani, wali, vyote vinaenda kwenye gesi. Maharage na makande mke wangu hataki kusikia, anasema gesi inakwisha ukiiangalia. Tulichobadilisha ni kuloweka maharage tangu usiku, kununua sufuria nzito lenye mfuniko unaokaa sawasawa, na jiko la udongo lenye koti la bati badala ya lile la bati tupu lililokuwa linapasha joto uwanja mzima. Gunia tulilokuwa tunalimaliza kwa mwezi sasa linakaa miezi mitatu. Sijasoma popote, nimeona stoo.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia ulizinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na kabla yake taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja zilishaambiwa ziache kuni na mkaa mwisho Januari 2024. Ni hatua kubwa kwangu mimi niliyezoea kusikia marufuku tupu, manake safari hii angalau wanaanza na jiko. Mitungi ya ruzuku imegawiwa, nimeiona. Na nimeiona pia ikiwa tupu, imekaa pembeni ya mlango wageni wanakalia, kwa sababu kumpa mtu mtungi si shida, shida ni siku ukiisha anatakiwa atoe zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo na yeye hela yake inaingia kwa siku.

Jirani yetu ni mama ntilie, anapika kuanzia saa kumi usiku, wali, maharage, samaki. Nimembana sana kuhusu gesi, manake natamani aliyenunua mkaa wangu miaka yote hiyo awe wa kwanza kuuacha. Alinijibu kwa hesabu. Mkaa anachukua wa buku mbili asubuhi, akiuza sahani kumi anaongeza wa buku mbili, mvua ikinyesha wateja wasije hajapoteza kitu. Mtungi mkubwa unamtaka alipie wiki tatu ambazo hajui kama wateja watakuja. "Baba we, niuzie hiyo gesi ya buku mbili uone," akaniambia, na kugeuza samaki. Nasikia sehemu nyingine za Dar ipo kweli, mtungi una mita, unalipia kwa simu hata kidogo kidogo. Nimeulizia mawakala wote wa mtaani kwetu, wananiambia huku bado.